Fimbo Iliyochora Ziwa

Mimi ni fundi cherehani hapa Nakwa, mjini Babati, na niliuchukia mchezo kwa sababu ya nguo. Kila jioni mwanangu wa darasa la tatu alirudi goti liko nje, sweta limefumuka kwapani. Nikapiga marufuku. Akitoka shule anakula, anakaa sebuleni na simu yangu, anaangalia katuni. Nikawa najisifu kwa majirani kwamba wangu hazururi.

Miezi miwili nguo zikawa nzima, mtoto akawa ndiye anayepungua. Ukimwuliza habari za shule, "nzuri." Ukimnyang'anya simu, ananuna mpaka usingizi umchukue.

Jumamosi moja, baada ya mavuno ya mahindi, nikamkosa ndani. Nikakata fimbo, nikafuata kelele hadi kwenye kiwanja kisichojengwa, nikajibanza nyuma ya mbaazi ili nimkamate na ushahidi.

Walikuwa kama kumi. Chini wamechora duara kubwa: Ziwa Babati. Ndani wametawanya magunzi, ndio samaki. Mmoja kiboko, kajilaza katikati, wengine wavuvi. Mvuvi ananyata, anadaka gunzi, anatimua mbio. Kiboko anamkimbiza huku akinguruma "muuu" kwa pumzi moja, na pumzi ikikata, lazima arudi majini. Mimi nilikulia kwenye rede na kombolela, lakini huu sikuwahi kuuona. Hakuna mkubwa aliyewafundisha. Viboko wa ziwa letu tunawaogopa sote. Wao hofu hiyo wameifanyia kanuni.

Ukazuka ubishi. Katoto ka miaka kama minne kamekamatwa mara tatu mfululizo, kanalia. Mwanangu, yule yule wa "nzuri", akasimama katikati ya ziwa: "Huyu akivua, kiboko amkimbize kwa mguu mmoja." Wakabishana, wakajaribu. Kiboko akaruka ruka, akaanguka kifudifudi. Vicheko. Sheria ikapita.

Nikajitokeza. Kimya kikatanda.

"Shikamoo mama," wakasema kwa pamoja. Mwanangu macho kwenye fimbo. Kabinti kamoja nako kakaiangalia, kakasogea: "Mama, tuazime hiyo. Ziwa limefutika."

Sikuwaazima. Niliinama nikalichora mwenyewe.

Baadaye, kwenye kikao cha wazazi, nilisikia kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi ampe mtoto nafasi ya kucheza na kupumzika, kama inavyomtaka ampe chakula na mavazi. Na Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa umri wa shule aushughulishe mwili kwa wastani wa angalau dakika 60 kwa siku. Nikainamisha kichwa. Mavazi nilikuwa nayalinda kwa kumnyima mtoto kingine anachostahili.

Masharti bado ninayo: barabarani hapana, bodaboda hazina breki kwa mtoto; na ziwa lenyewe hapana, kiboko wa kweli hakatiki pumzi. Giza likiingia, nyumbani. Suruali za kuchezea nazitia viraka vya magoti kabla hazijatoboka, na za watoto wa jirani pia, bila malipo.

Siku hizi, nikiuliza habari za mchana, naelezwa mpaka ugali unapoa.

Juzi walinipa ukiboko. Pumzi ilinikatika hatua ya nne.