Kerneli ya Kaka

Laptopu ya kaka yangu ilikaa juu ya kabati miaka miwili baada ya yeye kufariki. Niliishusha kwa shida tu: ya kwangu ilikuwa imekufa na nilikuwa na makala ya kumalizia. Ikawaka vizuri, ila Wi-Fi yake ya ndani haikufanya kazi. Nikaenda Kariakoo, nikanunua kile kidude cha kuchomeka kwenye USB. Nikachomeka. Kimya.

Jamaa wa kompyuta pale ofisini hakunionea huruma. "Dada, kaka yako alijitengenezea kerneli mwenyewe, akaacha humo vitu vya mashine hii tu. Draiva ya hicho kidude hamna. Itabidi ukompaili upya."

Mimi nimesomea uandishi wa habari. Kuhusu Linux nilijua kwamba Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, basi.

Msimbo wote ulikuwa bado kwenye folda ya kaka. Nikaandika make menuconfig, ikafunguka orodha isiyo na mwisho: hiki unataka, hiki hutaki? Draiva nikaipata. Halafu, kwa ujuaji wangu, nikaanza kuzima nisivyovielewa. Nikakutana na ext4, nikasema hii nayo ya nini, nikaizima.

Jamaa alikuwa ameshanionya nibadilishe jina la kerneli, la sivyo mpya ingeandikwa juu ya ile ya zamani. Kuna sehemu ya kuongeza neno lako mwenyewe mwishoni mwa namba ya toleo. Nikaifungua. Kaka alikuwa ameandika: -ponamama.

Ilikuwa 2019, mama amelazwa. Kaka alikesha naye na laptopu hii magotini, skrini nyeusi imejaa maandishi yanayopanda. Mimi ndiye niliyemgombeza, tena mbele ya wagonjwa wengine: weka hicho kitu chini, muuguze mama. Hakujibu. Mama alipona. Aliyeondoka ni yeye.

Nilikaa pale muda. Kisha nikafuta, nikaandika -pili, nikabonyeza make.

Ilichukua zaidi ya saa mbili, feni inalia kama mashine ya kusaga. Nilipowasha upya ikagoma njiani, eti haiwezi kufungua diski. Si ndiyo hiyo ext4! Diski nzima imepangwa kwa ext4, na mimi nimeitoa. Nikarudi kwenye menyu ya GRUB, na chini ya ya kwangu ikawa imeorodheshwa 4.19.37-ponamama, mzima kabisa. Nikaichagua. Ikawaka.

Safari ya pili niliacha kila kitu kama kaka alivyoacha, nikaongeza draiva tu. Feni ikaanza tena. Mama akauliza kutoka sebuleni, "Hiyo si mashine ya kaka yako?"

Nikamwambia ndiyo, mama. Habari ya jina bado sijamwambia.