Kutoka Musoma hadi Bunda, mtoto ahesabu sayari

Musoma Jua huzama ziwani, na miezi mingine nyota moja kali hubaki juu ya maji giza linapoanza. Wengi huiita nyota ya jioni. Si nyota, ni Zuhura, sayari ya pili kutoka kwenye Jua.

Mtoto anayekariri sayari kwa ajili ya mtihani huujua mpangilio, ila umbali haumwingii akilini. Mzazi, mkipanda basi la Bunda, mwambie Jua limebaki Musoma, na kila kilomita 2 za lami ni kilomita milioni 150 za angani. Jua hilo lina upana wa mita 18 na ushei, kimo cha jengo la ghorofa sita. Utaridi haifiki kilomita moja. Zuhura ni moja na nusu hivi. Dunia iko kilomita ya 2, na ukubwa wake ni sentimita 17, tikiti dogo tu. Mirihi ya 3. Kisha ni patupu mpaka kilomita ya 10, kwenye Mshtarii, tufe linalompita dereva kwa kimo. Zohali ya 19, Uranusi ya 38, Neptuni ya 60. Mtoto atachoka kungoja, na hapo ndipo ataelewa. Kwa kipimo hiki mwanga wenyewe huenda kwa mwendo wa baiskeli: dakika 8 kufika Dunia, zaidi ya saa 4 kufika Neptuni. (Kwa mliokariri sayari 9, Pluto iliondolewa mwaka 2006.)

Mkirudi, chepukeni Butiama, kwenye kaburi la Mwalimu Nyerere. Mchana, chini ya mti wenye majani mengi, mwonyeshe miduara ya mwanga ardhini. Kila mduara ni picha ya Jua iliyopenya kati ya majani.

Tarehe 2 Agosti 2027 Jua litapatwa. Luxor, Misri, litafunikwa lote kwa zaidi ya dakika 6; Mara litamegwa kipande, na miduara hiyo nayo itamegeka. Watoto watataka kutazama juu. Retina ya jicho haihisi maumivu, hivyo mtoto huungua bila kujua. Ukungu huja saa kadhaa baadaye, na wengine hauwatoki. Filamu ya eksirei, miwani ya jua na beseni la maji havikingi. Toboeni boksi kwa sindano, mlipe Jua mgongo, mwanga uangukie karatasi nyeupe.