Mkono Ndani ya Kikaragosi

Ipo dhana miongoni mwa baadhi yetu kwamba filamu ya watoto haistahili muda wa mwanafasihi, na iliyotengenezwa kwa vikaragosi haistahili hata kidogo. Nakusudia kuipinga dhana hiyo kwa kuizungumzia filamu niliyoipenda tangu utotoni: Labyrinth, iliyoongozwa na Jim Henson mwaka 1986. Jina lake twaweza kulifasiri kuwa mzingile, neno ambalo mwanafunzi wa Kiswahili hulikumbuka kutokana na riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1991.

Kisa chake si kigumu. Sarah, msichana wa miaka 15, anachoshwa na kilio cha ndugu yake mchanga, Toby, na kwa hasira anatamka maneno ya kuwaomba vibwengo wamchukue. Wanamchukua kweli. Mfalme wao, Jareth, anampa Sarah saa 13 auvuke mzingile na kumkomboa mtoto. La sivyo, Toby atageuzwa kibwengo. Mfalme huyo aliigizwa na mwanamuziki David Bowie, lakini wengi wa viumbe wanaomzunguka ni vikaragosi.

Filamu hii iligharimu takriban dola milioni 25, na mapato yake ya awali katika kumbi za Marekani yakawa kama nusu ya kiasi hicho. Henson alifariki mwaka 1990 bila kuongoza filamu nyingine ndefu. Hata hivyo, kanda za video, na baadaye diski, ziliiingiza majumbani, ikafika hata kwetu Roret, katikati ya michai.

Nini siri ya mvuto wake? Jibu langu limo katika mikono. Sarah anapotumbukia shimoni, anadakwa na mikono mingi iliyoota ukutani. Mikono hiyo inaungana, inaunda nyuso, kisha inasema. Hakuna kinachofichwa: twaona mikono, na papo hapo twaona nyuso. Hadhira inajua kwamba kuna mtu nyuma ya kikaragosi, lakini inakubali kuamini. Wakenya waliocheka nyuso za mpira za viongozi wao katika kipindi cha XYZ, kilichoanza mwaka 2009, wanaujua mkataba huo. Ndio huo huo fanani wa ngano anaoutaka kwa wasikilizaji wake.

Likizo ya Desemba iliyopita niliitazama tena filamu hii pamoja na wapwa zangu na kogo, yaani nyanya yetu, ambaye hajui Kiingereza. Hakuomba kufasiriwa. Jareth alipoanza kuimba, kogo alisema: "Huyo ni chemosit, ila wamemwongeza mguu." Chemosit ni zimwi la Wakalenjin lenye mguu mmoja na kinywa king'aacho usiku kama taa, ambalo huimba gizani ili kuwavuta watoto watoke nyumbani. A. C. Hollis aliandika habari zake kutoka kwa Wanandi katika kitabu chake cha mwaka 1909.

Watoto waliigeuzia runinga migongo, wakamtaka kogo awasimulie. Alisimulia, kidole kimoja kikiruka juu ya paja kama zimwi lenyewe. Alipofika kwenye wimbo wa chemosit, akanyamaza. Maneno yalikuwa yamempotea. Alijaribu mara tatu, kisha akasema tulale.

Sarah naye, tangu mwanzo wa filamu, kuna mstari mmoja wa mchezo wa kuigiza usiokaa kichwani mwake. Mwishoni, mbele ya Jareth, anaukumbuka, na kwa kuutamka tu anamshinda. Nimeitazama filamu hiyo mara nyingi, lakini sikuwahi kuuhofia usahaulifu wake kama nilivyouhofia wa kogo usiku ule.

Nimekwisha kuwauliza wazee watatu wa kijiji chetu. Kila mmoja ana kipande cha wimbo, na vipande havijaungana. Wenzangu wa Kiswahili, tunapofunga chuo tubebe vinasa sauti pamoja na vitabu vya nadharia. Mimi nitaanzia kwa mzee wa nne.