Mazuku ya Buffalo

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili kwa njia ya simu. Naishi Louisville, lakini zamu moja yaweza kuanzia Columbus ikaishia Buffalo. Simu za zimamoto zinanichosha kuliko za hospitali, maana mtu anafundishwa pale pale ameshafikwa na hatari.

Usiku mmoja wa baridi, umeme umekatika, mama mmoja wa Goma, mashariki mwa Kongo, alipiga 911 kutoka Buffalo. Watoto wanaumwa kichwa, mmoja anatapika. Mpokea simu akataja kaboni monoksidi. Nikatafsiri kama ilivyo. Kimya. Akauliza kama kuna mkaa unaowaka ndani. Kimya tena. Goma mkaa huitwa makala, na jiko lake mbabula. Nilipotumia maneno hayo akajibu mara moja: "Ndiyo, mbabula iko katikati ya chumba."

Mkalimani haruhusiwi kuongeza lake. Niliomba ruhusa, nikasema, "Mama, hii hewa inaua bila kuonekana, kama mazuku." Akashtuka. Mazuku ni gesi ya volkano inayotuama mabondeni kandokando ya Goma. "Basi nimeshawapandisha kitandani," akasema. Kwa mazuku angekuwa sahihi, maana ile ni nzito, hulala chini. Hewa ya makala hujaa chumba kizima. "Kitanda hakisaidii, mama. Toka nao nje sasa hivi." Nikasikia mlango ukifunguliwa.

Walio nje ya kazi hii hudhani watu wetu wamekuja hawajui lolote kuhusu moto. Mzee mmoja wa Fizi, Kongo pia, anayeishi hapa Kentucky, alichoma mabua ya shamba lake la lengalenga mchana, mwezi wa nne. Kabla ya kuwasha alipima upepo, akaparua ardhi pande zote ili moto usivuke, akaweka matawi mabichi karibu. Zimamoto walipofika moto ulikuwa umekwisha kuzimwa. Kosa lake lilikuwa saa. Kuanzia 15 Februari hadi 30 Aprili, na 1 Oktoba hadi 15 Desemba, ni marufuku kuwasha moto wa nje ndani ya futi 150 za msitu au kichaka, saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, kwa kuwa mchana hewa hukauka na upepo huamka. Alielewa sababu hiyo kabla sijamaliza sentensi. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, mbona hawakutuambia siku tulipopewa shamba?" Sikuwa na jibu. Na akihamia Columbus, jimbo la jirani, atakuta miezi mingine. Jimbo la New York, lenye Buffalo, lina tarehe zake pia.

Vipeperushi vya usalama wa moto vipo, lakini vimeandikwa "zimamoto" kwa watu wanaosema "pompiye", na "mkaa" kwa wanaosema "makala". Havijapitishwa kwa mama yeyote wa Goma kabla ya kuchapwa.

Wewe mwenye jamaa Buffalo, mpigie kabla theluji haijaanguka. Mwambie kwa maneno ya kwao: umeme ukikatika, mbabula isiingie ndani, hata kwa dakika tano.