Mchwa Kwenye Miche ya Mikaratusi

Kitale

Mpwa wangu mpendwa,

  

Nimesikia miche yako ya mikaratusi hapo Kapsokwony inanyauka mmoja baada ya mwingine, na kwamba unataka kununua dawa umwage shamba zima. Ngoja kwanza. Ng'oa mche mmoja ulionyauka. Ukitoka bila nguvu, ukaona mzizi mkuu umekatika, gome limetafunwa kuzunguka shina chini kidogo ya ardhi, na palipoliwa pamejazwa udongo, basi ni mchwa. Ukiikuta mizizi ni mizima, tatizo ni lingine, pengine kiu tu.

Mkaratusi ni mgeni kwetu. Asili yake ni Australia, na uliletwa Kenya mwaka 1902 ili kupata kuni za garimoshi la Reli ya Uganda. Miti ya kienyeji imeishi na mchwa wetu tangu zamani na huwavumilia zaidi. Mkaratusi huteseka ukiwa mchanga, hasa mwaka wa kwanza, na zaidi jua likiwaka.

Kinachonisikitisha ni desturi ya kufyeka na kuchoma kila kitu hadi shamba libaki jekundu. Chakula cha mchwa ni majani makavu, mabua na miti iliyokufa. Ukiwaondolea hivyo vyote, umewaachia nini isipokuwa miche yako? Palilia kuzunguka shina, lakini nyasi kavu na mabua yaache katikati ya mistari, mbali na mche. Panda mvua ndefu zinapoanza, si zikiwa zinaisha. Chana karatasi yote ya kitaluni uitoe, na mizizi iliyojikunja chini uikate. Usiuchubue mche kwa jembe, maana mche wenye jeraha ndio huvamiwa kwanza. Iliyokufa, pandikiza mingine mvua ikingali ipo.

Kuhusu dawa, wazee walitumia dieldrini na aldrini, nazo zilifanya kazi kwelikweli. Lakini hukaa udongoni miaka mingi na kuingia mwilini mwa watu, ndiyo maana Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliziweka kati ya sumu 12 za kwanza kupigwa vita duniani. Mtu akikuletea kitu kisicho na lebo, mkatalie. Na vichuguu usivimwagie sumu kamwe. Unajua mvua ikinyesha watoto wa majirani hukimbilia wapi na ndoo zao: kumbikumbi ni kitoweo Bungoma nzima, na uyoga mtamu kabisa huota hapohapo kichuguuni. Ikilazimu kutumia dawa, iwe iliyosajiliwa, itiwe kwenye mche kitaluni au kwenye shimo la kupandia tu, kwa kipimo utakachopewa na afisa wa misitu.

Ng'oa huo mche leo, uukague, kisha unipigie simu kabla hujampa mwenye duka la dawa hata shilingi.

Wako akupendaye,
Mjomba