Kabla ya kununua kioo kipana, kapimeni macho

Kwa miezi kadhaa mama mmoja mwenye steshenari mjini Kayanga, wilayani Karagwe, aliwaza jambo moja: kununua monita pana. Kazi yake kubwa ni kuchapa mitihani ya shule za jirani. Mwalimu huleta karatasi aliyoiandika kwa mkono, naye huipiga picha, kisha huchapa huku akirukaruka kati ya picha na ukurasa kwenye laptopu yake ndogo. Ikifika saa kumi jioni kichwa kinamgonga na macho yanawasha. Akaamini tatizo ni udogo wa kioo.

Mumewe ana shamba la kahawa Nkwenda, wilaya jirani ya Kyerwa. Malipo ya msimu yalipoingia, wakakaa kupanga matumizi. Ada ilikuwepo, bati za jikoni zilikuwepo, na mama akaweka mezani monita ya inchi 34. Duka moja la Mwanza lilimtajia bei ya zaidi ya shilingi milioni moja.

Hoja zake zilikuwa na uzito. Kioo cha kawaida kina uwiano wa 16 kwa 9, kile kipana 21 kwa 9. Monita pana ya inchi 34 ina kimo kilekile cha monita ya kawaida ya inchi 27, ila upana wake unafika karibu sentimita 80. Picha ya mtihani inakaa kushoto, ukurasa unaochapwa kulia, na katikati hakuna fremu inayokata kama unapopanga monita mbili. Hata hesabu za kahawa zenye safu nyingi zinaonekana zote kwa pamoja.

Mumewe naye alikuwa na yake. Meza ya dukani ni nyembamba, na ukikaa karibu na kioo cha upana huo unageuza shingo kutwa nzima. Umeme ukikatika, laptopu inaendelea kwa betri yake lakini monita inazima papo hapo, hivyo itabidi kununua na UPS. Tena laptopu ya zamani huenda isiweze kukiendesha kioo hicho inavyopasa. Na kikiharibika, hakuna cha akiba.

Kuna jambo ambalo wote wawili hawakulijua. Upana unaongeza nafasi, hauongezi ukubwa wa herufi. Kwenye monita nyingi za aina hiyo maandishi hubaki madogo mpaka uyakuze mwenyewe, na kuyakuza kunawezekana kwenye kompyuta yoyote, bila gharama.

Mabishano yalikatwa na simu. Mama alitaka kumwonyesha mumewe picha ya monita, akanyoosha mkono ili aisome bei vizuri.

“Mama watoto, mbona simu unaipeleka mbali hivyo?”

Ana miaka 43. Katika umri huo lenzi ya jicho inakuwa imeanza kukakamaa na kushindwa kuona vizuri vitu vya karibu. Si ugonjwa wala si aibu, humpata karibu kila mtu kuanzia miaka ya arobaini. Anayejilazimisha kusoma bila miwani huishia na macho kuchoka na kichwa kuuma.

Ndipo wakamkumbuka binti yao wa darasa la tano. Yeye hufanya kinyume: akitazama katuni husogeza uso mpaka pua ikaribie kugusa kioo. Mwalimu alishalalamika kwamba ananakili hesabu za ubaoni kwa makosa, na nyumbani aligombezwa kwa uzembe.

Walikwenda wote kwenye kliniki ya macho. Mama akaandikiwa miwani ya kusomea. Mtoto akaonekana haoni mbali. Siku alipovaa miwani yake, njia nzima ya kurudi nyumbani alisoma kwa sauti mabango ya maduka, moja baada ya jingine. Mama yake hakusema kitu. Alikuwa akizihesabu siku alizomgombeza.

Monita pana haikununuliwa. Baada ya miwani, fedha zilitosha kupata monita ya kawaida iliyokwishatumika, ikakaa kando ya laptopu. Picha iko kwenye kioo kimoja, ukurasa kwenye kingine. Ile pana bado anaitamani, na kazi ikikua huenda ikamfaa.

Mzazi unayesoma haya kwenye simu, angalia mkono wako umenyooka kiasi gani. Kama unaisukuma simu mbali, kapime macho. Mtoto akisogelea sana kioo, akifinya macho au akikosea kunakili ubaoni, mpeleke apimwe kabla ya kumwita mzembe. Kioo cha kompyuta kikae umbali wa kama urefu wa mkono, ukingo wa juu usipite usawa wa macho. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20, na kumbuka kupepesa, maana mbele ya kioo watu hupepesa mara chache. Mtoto apate muda wa kucheza nje mchana, kwani mwanga wa nje husaidia kupunguza hatari ya kutoona mbali. Na kwa walio chini ya miaka 2, Shirika la Afya Duniani linashauri wasiketishwe mbele ya kioo kabisa.