Kusafisha Ramani Bila Kukanyagana

Ndugu wasikilizaji wa Lubunga, na ninyi jamaa mliokimbia vijiji vyenu tangu mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulipolipuka mwaka 2023, leo nazungumza juu ya kazi ambayo wengi wetu hatuioni, lakini inatugusa: kusafisha ramani.

Tuanze na salongo, hiyo sote tunaijua. Kila mtu akitoka na jembe lake bila mpango, watu kumi watafyeka mbele ya kanisa, na mfereji wa nyuma, ule wenye mbu, hakuna atakayeugusa. Jioni wote wamechoka, maji yangali yamesimama. Ndiyo sababu shefu wa kartye hugawa: ninyi kuanzia hapa mpaka kwenye mwembe, wale kuanzia mwembe mpaka mtoni.

Ramani ya OpenStreetMap nayo ni salongo. Ilianzishwa Uingereza mwaka 2004, na ni huria: kila mtu anaweza kuichora, kuisahihisha na kuitumia bila kulipa. Watu wa kujitolea, wa hapa Kongo na wa mbali, hutazama picha za setilaiti na kuchora barabara, mito na nyumba. Mashirika ya msaada, kama Msalaba Mwekundu na Madaktari Wasio na Mipaka, huitumia kujua watu wanakaa wapi.

Kwa hiyo kurudia kazi si jambo dogo. Nyumba zikichorwa mara mbili, anayekadiria watu kwa kuhesabu paa atapata familia nyingi kuliko zilizopo. Kijiji cha jirani ambacho hakuna aliyekichora kitaonekana kama pori tupu. Hata kwenye orodha za majina nimeyasikia hayo. Mama mmoja aliniambia ameandikwa mara tatu, na watu watatu waliokuja siku tofauti. Jirani yake, bashi ya pili tu, hajaandikwa hata mara moja. Njaa yao ni moja.

Wachoraji wa ramani wametafuta dawa. Kwenye programu wanayogawia kazi, eneo hukatwa vipande vya mraba. Anayechukua kipande anakifunga, na wengine wanaona kwamba kimeshikwa. Saa 2 zikipita hajamaliza, kinafunguka ili mwingine akichukue. Akimaliza, mtu mwenye uzoefu anakikagua. Hakuna bosi anayepiga kelele. Kila mtu anaona tu nani yuko wapi.

Lakini kusafisha ni kugumu kuliko kuchora, maana anayesafisha anafuta. Kwa hiyo anayetaka kubadilisha vitu vingi kwa mara moja, desturi ya jumuiya hiyo inamtaka aseme kwanza, aandike mpango wake, na asikilize wenzake. Akipita bila kusema, kazi yake inaweza kurudishwa nyuma yote.

Hapo ndipo penye uzito kwetu. Fikiri kijiji kilichochomwa. Kwenye picha mpya paa hazionekani tena. Kijana mwenye nia njema, yuko Ulaya, anaona nyumba zilizochorwa zamani, anadhani ni uchafu, anazifuta pamoja na jina. Mwingine anakuta vijiji viwili vyenye majina yanayokaribiana, anadhani ni kimoja kilichoandikwa mara mbili, anaondoa kimoja. Kila mmoja atalala akijua amesaidia. Lakini mahali watu wanapogombania ardhi, jina la kijiji si pambo. Baba anayelala Lubunga chini ya bashi anataka siku moja aseme: kwetu ni pale, na pana jina.

Ramani hiyo ina njia ya kuandika kwamba nyumba imebomolewa au mahali pameachwa, bila kupafuta. Historia ya kila badiliko pia hubaki, kwa hiyo kilichofutwa kinaweza kurudishwa. Ila lazima awepo mtu anayejua kwamba kilikuwapo. Mtu huyo hayuko Ulaya. Yuko hapa, ng'ambo ya kushoto ya mto, anachota maji.

Vijana wa Kisangani mnaochora ramani, nawaomba mambo mawili. Kabla ya kuanza, angalieni kipande kimeshikwa na nani. Na kabla ya kufuta jina la kijiji, vukeni mto mje kuwauliza wazee waliotoka kule, wa pande zote mbili. Mzee wa upande mmoja peke yake hatoshi.

Na ninyi jamaa mliohama, mtu akija na daftari au simu kuandika majina, mwulizeni bila woga: umetoka wapi, orodha inaenda wapi, na safu ipi bado haijapitiwa? Mwonyesheni bashi iliyorukwa. Aliyekwisha kuandikwa aseme ameandikwa, ili zamu ifike kwa jirani.